Msumari wa Ami Abu Hazim

Siku arobaini nimechekecha udongo wa kambi hii ya Warumi, na naapa hakuna sarafu iliyopita mbele ya macho yangu ikaenda salama. Kumi na moja nimezitoa mimi, nyingine ndogo kama dengu. Wenzangu wananiita Mwewe. Jina nilijipa mwenyewe, ni kweli, lakini wameshalizoea.

Siku ya mwisho ya msimu, wakati wa chai, Wijdan akaniita kwenye beseni lake la kuoshea vigae. Ni binti wa ami yangu, na vidole vyake vimechanika kwa maji na vumbi.

"Mwewe, njoo uone kilichokupita."

Ndani ya ndoo yangu ya vigae kulikuwa na donge la tope nililolidhania kipande cha chungu. Yeye alikuwa amelisugua kwa mswaki, na sasa uso wa Kaisari ulinitazama, wa kijani, kama aliyekula kitu kibovu.

"Nilijua," nikasema. "Nilikuachia na wewe ufurahi."

"Sina nguvu za kucheka leo. Mpelekee daktari, umwambie sikujua. Sarafu haipigwi mswaki."

Nikaitia mfukoni. Daktari Khitam, daktari wa magofu na si wa sindano, alikuwa ameketi juu ya jiwe akiandika majina ya watakaoitwa mwakani. Jana nilimsikia akisema kwamba Abu Hazim hajaibua hata sarafu moja msimu mzima, kwamba huenda macho yamekwisha, na afadhali apumzike nyumbani. Ami yangu apumzike nyumbani? Mtu aliyeshika mwiko wa kufukulia miaka thelathini? Huyo Ijumaa moja tu akikaa bure hubomoa ukuta wa zizi aujenge upya.

Chumba cha magofu alichopewa kufukua kilikuwa kitupu kweli. "Hapa walikaa askari wasafi," alikuwa akituambia. "Walifagia kabla ya kuondoka." Tulimcheka, kisha tukachoka hata kumcheka.

Basi badala ya kwenda kwa daktari nikaenda chumbani humo. Ami alikuwa kule mwisho ukutani, hatua ishirini, anakung'uta karai. Kwa macho yale, nilijua hata ukuta wenyewe anaupapasa. Nikainama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, nikaisukuma sarafu chini ya jiwe la paa lililoanguka, nikaacha ukingo wake nje.

Akarudi, akapiga magoti, magoti yakalia. Mwiko ukapita kando ya sarafu. Ukarudi, ukapita tena, unene wa kidole tu. Kumbe ni kweli haoni.

"Ami, kona hiyo umeimaliza?"

"Nimeimaliza."

"Hebu itazame tena."

"Ratib, nimechoka. Nenda kanywe chai yako."

Nikamwita daktari mwenyewe, nikasema ami amepata sarafu. Akaja na daftari lake. Alipoiona, uchovu wa siku arobaini ukamtoka usoni.

"Chini ya paa," akasema. "Basi askari walikuwa bado humu paa lilipoanguka. Nitaandika hivyo. Abu Hazim, umeniokolea msimu. Weka msumari."

Kwetu kitu kikionekana ardhini hakiinuliwi mpaka mahali pake papigwe msumari wenye kikaratasi, ndipo papimwe. Ami alikuwa ameushika wake. Hakuupiga.

"Wewe uliiona ikitokeza?" daktari akaniuliza.

"Kwa macho yangu haya. Ami alikuwa anafukua taratibu, mimi nimesimama tu, mara ikatokeza."

"Ndivyo, Abu Hazim?"

Ami akaurudisha msumari mfukoni. Akajifuta vumbi kwenye kope, akakaa chini kabisa, kama mtu aliyefika mwisho wa safari.

"Daktari, miaka thelathini sijapiga msumari mahali pa uongo. Sarafu hii sijui ilitoka wapi, lakini haikutoka humu." Kisha akanigeukia, bila hasira. "Nilikuona kutoka kule ukutani, mwanangu. Mara mbili nimepitisha mwiko kando yake, nikakungoja uje uichukue."

"Nilikuwa nafunga kamba ya kiatu, ami."

"Hilo ndilo lililonifanya nitazame."

Daktari akainamisha kichwa kutazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa kandambili.