Mama Henry na Kambi ya Taifa

Jina la Mama Henry tulimpa sisi wenyewe, na mwanzoni hatukumpa kwa heshima. Tulikuwa wasichana wa miaka ishirini, tumetoka sekondari moja kwa moja hadi chuo chetu cha nje kidogo ya mji wa Dodoma, upande wa kwenda Msalato. Yeye, Anjelina Wambura, alikuwa na miaka ishirini na nane. Alikuwa karani mpiga chapa wa ofisi ya serikali, ameletwa kusoma kwa ruhusa ya mwajiri. Darasani alikaa mbele, akimaliza vipindi alikimbilia nyumbani. Zaidi ya kwamba alikuwa na mtoto aitwaye Henry, hatukujua kingine juu yake.

Jioni moja ya Februari 1994 alikuja kiwanjani tukiwa mazoezini, mtoto wa miezi mitatu mgongoni, miguuni raba za mitumba. Akasimama pembeni ya mstari akitutazama. Mimi ndiye niliyemwambia, tena kwa sauti ya kutaka wenzangu wacheke, "Mama, sogea, mtoto asije akapigwa na mpira."

Akafungua kanga, akanipa mtoto. "Basi nishikie wewe."

Nikampokea. Ningefanyaje? Nilikuwa mchezaji wa akiba, sikuwa na kazi nyingine.

Mwalimu Sostenes, aliyetufundisha takwimu mchana na mpira wa kikapu jioni, alimrushia mpira kwa mzaha tu. Alivyoudaka tukajua mikono ile haikuwa migeni. Akaudunda chini kabisa, karibu na vifundo vya miguu, akampita nahodha wetu, akampita wa pili, na huku anatazama kushoto akautoa mpira kulia, ukamkuta mwenzetu chini ya kikapu amezubaa hadi ukampiga kifuani.

"Ulicheza wapi?" Mwalimu Sostenes akauliza.

"Timu ya taifa. Mwaka themanini na tano, Nairobi."

Hakuna aliyecheka tena.

Baadaye alinisimulia mengine. Alikuwa na miaka kumi na tisa, pointi gadi, yaani mwongozaji wa mchezo, mdogo kuliko wote kikosini. Mwaka uliofuata akaolewa na Yoramu, kijana wa Mvumi, akapata ujauzito wa Henry. Jina lake likatolewa bila barua wala neno. Alikwenda mwenyewe ofisi ya chama cha mpira wa kikapu kuuliza, akaambiwa, "Hongera, dada. Sasa lea." Akarudi Dodoma, akalea kweli. Ila kila alipopita penye goli la kikapu alivuka barabara, asilione.

"Sasa mbona umerudi?" nilimuuliza.

"Nimechoka kuvuka barabara, Joha."

Mwezi wa Mei tulikwenda mashindano ya vyuo Morogoro. Chuo chetu hakikuwahi kuvuka hatua ya makundi. Safari hii tulifika fainali, tukafungwa, lakini hakuna aliyezungumzia waliotufunga. Walimzungumzia gadi wa Dodoma anayenyonyesha mapumzikoni, akirudi uwanjani anawatoa watu jasho. Kocha wa timu ya taifa alikuwepo, na wiki tatu baadaye majina ya walioitwa kambini yalisomwa redioni. La Anjelina lilikuwa la sita. Tulipiga vigelegele bwenini hadi matroni akagonga mlango.

Kisha ikaja barua. Kambi ingekuwa Dodoma mwaka ule, katika shule moja ya bweni wakati wa likizo, kwa kuwa jengo ambalo timu ilizoea kulala Dar es Salaam lilikuwa limekodishwa kwa mwenye marobota ya mitumba. Ndiyo siku za ruksa zile, biashara imefunguliwa kwa wote, kila jengo lilipata mpangaji. Chini kabisa iliandikwa: *Mchezaji hataruhusiwa kuja na mtoto wala ndugu.*

Nyumbani kwao, Yoramu aliisoma mara mbili. Mwaka uliopita alikuwa amepunguzwa kazi katika shirika la umma, sasa alitengeneza baiskeli chini ya dirisha la nyumba yao. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeumia.

"Ukienda," alimwambia, "watu watasema mke wa Yoramu amemshinda."

"Watasema. Kwani sasa wamenyamaza?"

Yoramu akaiweka barua chini. Akarudi kwenye baiskeli zake. Usiku ule akatuma ujumbe Mvumi, mama yake aje, na Anjelina akajua mama mkwe anaitwa aje kumsema.

Mama mkwe huyo, Bibi Raheli, alifika na unga wa uwele na mlenda mkavu, akala, akamwogesha mjukuu, akampaka mafuta, ndipo akataka asomewe ile barua. Kiswahili alikijua, ila alikisema polepole, kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele.

"Mtoto asije," alirudia.

"Ndiyo, mama."

"Na ndugu yako asije."

"Ndiyo, mama."

"Mimi si ndugu yako. Mimi ni mama wa mume wako." Akamgeukia mwanawe. "Wewe nimelima nawe mgongoni mashamba matatu. Jembe halikuniuliza mtoto yuko wapi. Leo mpira ndio uulize?" Kisha akakumbuka jambo, akakunja uso. "Ila hiyo kaptula ya mpira, mama Henry. Hapo nitafumba macho."

Hivyo ndivyo walivyokwenda kambini, wanawake wawili na mtoto Penina wa miezi saba.

Meneja wa timu, Bwana Batholomeo, aliwapokea getini amevaa suti ya Kaunda iliyonyooshwa vizuri. Bibi Raheli akamsalimu Kigogo, "Mbukwenyi." Yeye akajibu "Shikamoo," kisha akamtazama Anjelina.

"Barua uliisoma?"

"Niliisoma."

"Hii ni kambi ya taifa, dada. Siyo kliniki."

"Ndiyo maana nimekuja na raba. Mtoto hatalala hapa. Tumepanga chumba nyuma ya shule. Atakuja saa ya kunyonya, atanyonya, ataondoka."

"Na nikikataa?"

"Utanikuta hapa kesho asubuhi."

Kocha, aliyekuwa akisikiliza kutoka barazani, alisema tu, "Mazoezi saa kumi na mbili na nusu." Akaingia ndani. Alikuwa mtu wa kutaka kushinda bila kugombana na yeyote. Watu wa namna hiyo hawakusaidii sana, ila wakati mwingine wanatosha.

Juni Dodoma ni baridi na upepo wa vumbi. Bibi Raheli alikaa pembeni ya kiwanja amejitanda blanketi, mjukuu ndani yake, akifumba macho wachezaji walipovua suruali za mazoezi na kuyafumbua mpira ulipoanza. Siku ya tatu, katikati ya zoezi la kukimbia, mtoto alilia. Maziwa yakatoka yenyewe, yakalowesha jezi ya Anjelina kifuani, maduara mawili. Wasichana wakatazamana. Violeth, gadi wa kwanza wa timu, binti wa Dar es Salaam mwenye miaka ishirini na moja, alicheka kwa pua.

Anjelina alimaliza mbio ile hadi mwisho. Akatembea hadi pembeni, akanyonyesha mbele ya wote, akarudi na jezi ileile. Hakuifunika. Zoezi lililofuata alimnyang'anya Violeth mpira mara nne.

Siku hiyohiyo kabla ya chakula cha jioni, Bwana Batholomeo aliwapanga foleni, akasoma orodha mpya. Wachezaji kumi na wawili. Jina la Anjelina halikuwemo.

"Sababu?" aliuliza.

"Nidhamu."

"Nimechelewa zoezi gani?"

"Rudisha jezi, dada."

Alikwenda kuivua, akaifua mwenyewe bombani, akaianika kwenye kamba mbele ya ofisi ya meneja ili kila mtu aione. Kisha akaondoka na mama mkwe wake kwa miguu, hata kwaheri hakusema. Aliniambia kwamba njiani alilia, akawaza kuwaacha wote. Bibi Raheli hakumbembeleza. Alimwambia, "Lia haraka, tufike nyumbani kabla Henry hajalala na njaa."

Sasa, ilikuwa desturi timu ya taifa icheze mechi ya kuagwa kabla ya kusafiri kwenda mashindano ya nje. Kwa kuwa kambi ilikuwa Dodoma, waliomba kucheza na kombaini ya Dodoma. Mwalimu Sostenes ndiye aliyepewa kazi ya kuiunda, akatuchukua wengi wetu wa chuo, hata sisi wa akiba. Siku hiyohiyo alipanda baiskeli hadi kwa Yoramu.

"Nataka gadi," alisema.

Anjelina alimtazama mumewe. Yoramu alikuwa ameshika gurudumu, analizungusha kutafuta lilipopinda.

"Namba yako ilikuwa ngapi ile zamani?" aliuliza bila kuinua uso.

"Saba."

"Mwalimu, mpe saba," Yoramu alisema.

Jumamosi saa tisa kiwanja kilijaa. Walikuja wafanyakazi wa ofisi za serikali, wanafunzi, wauza karanga, hata wakulima wa Mvumi waliosikia kwamba mkwe wa Raheli anapigana na taifa. Bwana Batholomeo alimwona Anjelina akifunga kamba za raba upande wetu, akaenda kumnong'oneza refa. Refa akapekua karatasi zake, akatikisa kichwa. Hakukuwa na kanuni ya kumzuia mtu kuchezea mji wake.

Kipindi cha kwanza Anjelina alicheza kama mtu anayedai haki yake mlango kwa mlango. Alijua mipango yao yote, kwa kuwa alikuwa ameifanya nao siku tatu. Violeth akiinua vidole viwili, Anjelina alishafika mpira unakokwenda. Akitaka kupita kulia, alimkuta kulia. Mara mbili alimfanya asimame katikati ya kiwanja, mpira mkononi, asijue ampe nani, na umati ukimwimbia. Mapumziko tulikuwa mbele kwa pointi tano, Anjelina ameketi kwenye benchi ananyonyesha, jasho linamdondokea mtoto, Mwalimu Sostenes anachora mchangani kwa kijiti.

Kipindi cha pili walitubana. Walikuwa na urefu, walikuwa na pumzi, na sisi wengine, kusema kweli, tulikuwa sisi wengine. Zikibaki dakika tatu walitupita. Mwenzetu mmoja akatolewa kwa faulo, ndipo nikaingizwa mimi.

Sekunde kumi, wao hamsini na nne, sisi hamsini na mbili. Anjelina akaja na mpira, wakamfuata watatu. Nilikuwa peke yangu nje ya mstari wa pointi tatu, hakuna aliyenihesabu. Mpira ukanifikia mikononi kama nimekabidhiwa sahani. Nikarusha. Ukagonga chuma, ukazunguka, ukatoka nje.

Filimbi ikalia. Nilikaa chini palepale, nikafunika uso. Nilisikia mkono wake begani.

"Joha. Inuka."

"Nimetufungisha."

"Ulikuwa peke yako. Ndiyo maana nilikupa. Kesho ukiwa peke yako nitakupa tena. Inuka, wasituone tumekaa."

Nikainuka. Hapo ndipo Bwana Batholomeo alipokuja, kocha nyuma yake. Umati ulikuwa bado unaimba "saba, saba," na nadhani hilo ndilo lililomleta.

"Basi linaondoka kesho alfajiri," alisema. "Jina lako limerudishwa."

"Na mtoto?"

"Mtoto ana bibi."

"Bibi hana maziwa," alisema Bibi Raheli, aliyekuwa amesogea bila mtu kumwona.

Kocha akakohoa. Bwana Batholomeo akapandisha sauti. "Anjelina, unalikataa taifa?"

"Mimi nimekuja kambini kwa miguu yangu. Mmenitoa. Leo nimecheza mbele yenu na mtoto wangu yuko pale, mmeona kama amenipunguzia kitu. Nitakwenda naye, au mtakwenda bila mimi. Aliyekataa siyo mimi."

Alisubiri. Violeth alikuwa amesimama karibu, taulo shingoni, na safari hii hakucheka. Bwana Batholomeo alimtazama kocha, kocha akatazama raba zake.

"Haya," alisema Anjelina. "Safari njema."

Basi liliondoka bila yeye. Walirudi wakiwa wa mwisho. Sisemi ni kwa sababu yake, mpira una mambo mengi. Yeye Jumatatu alikuwa darasani kiti cha mbele, akafanya mitihani, mwaka uliofuata akatuongoza tukachukua kombe la vyuo. Walimwengu walisema walivyosema. Wengine walimwita jeuri, na alipolisikia neno hilo alisema, "Ndiyo."

Mwaka 1996 waliandika tena. Barua ilikuwa fupi, haikutaja watoto. Penina alikuwa ameshaacha ziwa, anashinda na baba yake akichezea minyororo ya baiskeli, kwa hiyo Anjelina alikwenda peke yake. Kambini alimkuta Violeth na kichanga cha miezi mitano, na chumba karibu na bomba wamepewa yeye na dada yake anayemshikia. Hakuna aliyeeleza kanuni ilibadilika lini. Bwana Batholomeo alikuwa bado meneja, na radhi hakuomba hata siku moja. Asubuhi ya kwanza Violeth alikuja na mtoto mkononi, akasimama mbele ya Anjelina.

"Dada, siku ile nilicheka."

"Nilikusikia. Nipe huyo, kapashe misuli."

Alicheza misimu miwili, mara akianza, mara akitokea benchi nyuma ya Violeth, na hakulalamikia benchi. Mechi yake ya mwisho ilikuwa Kampala mwaka 1997, ana miaka thelathini na moja. Nilikuwa jukwaani, nimejilipia basi. Zikibaki dakika sita alipata faulo ya tano kwa kumzuia mrefu wao aliyekuwa anakwenda kufunga, na refa akamwonyesha njia ya kutoka. Anjelina akarekebisha soksi moja, kisha ya pili. Refa akapuliza filimbi, akampungia mkono afanye haraka. Akamtazama, akachomekea jezi vizuri, akaanza kutembea, hatua kwa hatua, kichwa juu, na uwanja mzima ukalazimika kumsubiri.