Radhi ya Fundi Baiskeli

Asubuhi ile Jicho alikuwa mzigo. Mzigo kweli kweli, wa kukaa juu ya keria ya baiskeli, miguu kaitanua isiingie kwenye spoku, mikono kamkumbatia shangazi yake kiunoni. Shangazi alikuwa anajizoeza. Jumamosi anaondoka kwenda kuhiji, kwa baiskeli, peke yake, kupitia nchi za watu ambazo hata kuzitamka ulimi unajikwaa. Na mabegi yake yote, ukishayajaza, yalikuwa na uzito wa Jicho akiwa ameshiba.

"Tulia, mzigo!" shangazi alihema kwenye mwinuko. "Umeona wapi begi linajikuna?"

Jina la Jicho alimpa yeye huyo huyo shangazi, kwa sababu binti huyu haongei, anatazama tu. Lakini kichwani maswali yalikuwa yanachemka. Atalala wapi? Akiugua je? Moja likamponyoka.

"Shangazi, kwa nini usipande ndege kama watu?"

"Kwa ndege nitawahi kufika. Sasa nikishawahi, nifanye nini?"

Jicho akalitafuna jibu hilo mpaka kona ya pili, asipate utamu wala uchungu wake.

Mazoezi yale yalikuwa na kazi nyingine. Shangazi alikuwa anazunguka kuomba radhi, maana hataki kwenda kuhiji na kinyongo cha mtu mgongoni. Na radhi kwake ni ile inayotamkwa. Ukitikisa kichwa tu, hakubali. Basi fikiria, yeye ni fundi cherehani. Fundi cherehani ana wa kuwaomba radhi mtaa mzima.

Mwalimu mstaafu alimpokea mlangoni. "Ile suruali ya harusi uliyonishonea ikanibana? Nimekusamehe, mama. Ila ujue harusi ile niliimaliza nimesimama."

Msusi wa kona yeye alishangaa. "Mbona mimi hujanikosea?"

"Kitambaa chako kile kilichobaki. Gauni nililibana kidogo ili kibaki... yaani, nilijishonea mto."

"Kumbe! Mimi nikajua nimenenepa!" Msusi akacheka mpaka akaangusha kitana. "Haya, nimekusamehe. Mto uko wapi?"

"Nitaulalia njiani."

"Basi ukiulalia uniombee na mimi."

Akabaki mmoja tu, kaka yake shangazi, ambaye ndiye baba yake Jicho, fundi baiskeli. Na huyo, kila shangazi akienda, hayupo. Juzi alikuwa amefuata mipira ya magurudumu. Jana alikuwa bafuni, akakaa huko mpaka shangazi akachoka kungoja. Jicho alimsikia humo ndani anapiga mluzi.

Walipoukaribia mlango wa karakana ya baba, spoku ya nyuma ikalia ta! ikakatika. Shangazi akaikokota baiskeli ndani. Chai ilikuwa juu ya benchi, inafuka. Aproni ilikuwa msumarini, bado inabembea. Mlango wa nyuma wazi.

Shangazi akacheka, lakini kicheko chenyewe kifupi.

"Baba yako huyu! Mwambie spoku imekatika. Na mwambie bila radhi yake sitoki hapa. Yale mabegi nitayafumua nishonee mapazia." Akaondoka kwa miguu, bila kugeuka nyuma.

Haikupita hata dakika, kichwa cha baba kikachungulia.

"Ameenda?"

Jicho akaitikia kwa kichwa. Baba akaipindua baiskeli magurudumu juu, akafungua la nyuma, akaanza kulegeza spoku. Si ile iliyokatika tu. Zote. Akazitupa kwenye kopo, akashusha kutoka rafu ya juu zile nene anazowawekea wabeba magunia. Jicho alitazama, akatazama, mpaka mdomo ukafunguka wenyewe.

"Baba, shangazi alikukosea nini?"

"Hajanikosea kitu."

"Sasa si umwambie umemsamehe?"

"Nikimwambia ataondoka." Akaingiza spoku, akaikaza taratibu. "Katika ndugu tumebaki wawili, mimi na yeye. Huko njiani akianguka nani atamwokota?"

"Kama hutaki aende, mbona unamsukia gurudumu zima upya?"

Baba akainua uso, kama mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau. Akatazama mikono yake yenye grisi. Akatazama gurudumu. Akachukua spoku nyingine.

Simu ikatetemeka kwenye benchi.

"Nisomee. Mikono michafu."

Jicho akasoma, sauti ndogo. "Kaka, chai yako ilikuwa bado ya moto. Ya zamani najua ulishanisamehe. Naomba radhi ya Jumamosi, ya kukuacha."

Baba akalizungusha gurudumu, akasogeza sikio. Likazunguka kimya, limenyooka, halichezi hata kidogo. Akaondoka hapo, akaenda kwenye baiskeli yake mwenyewe iliyoegemea ukutani, akafungua kengele yake kubwa, ile ambayo mtaa mzima ukiisikia unajua ni yeye. Akaja akaifunga kwenye usukani wa shangazi.

"Mwandikie," alisema, mgongo kampa Jicho. "Mwandikie nimemsamehe."

"Shangazi anataka utamke."

"Si nimetamka? Wewe hukusikia?"

"Nimesikia."

"Basi mwandikie umesikia."

Jicho akaandika, herufi moja moja. *Baba amekusamehe. Ametamka, nimesikia mimi.* Akatuma. Alama zikageuka buluu papo hapo.

Baba akaishika spana asijue aifanyie nini. "Amesemaje?"

"Amesoma."

"Amesoma tu?"

"Amesoma tu."

Akaichukua simu hivyo hivyo na grisi yake, akaitazama, akairudisha. Akaifuta kengele kwa kitambaa, akaijaribu mara moja. Akamtazama binti yake. "Angalia tena."

Jicho akaangalia. Bado.