Mto Bila Nyumba

Mwezi wa tatu nyumba yetu ya mtaa wa Naviundu, Lubumbashi, ilichorwa msalaba mwekundu. Watu wa ofisi ya mji walisema tuko karibu mno na mto, tutabomolewa, ila kwanza watasikiliza wakaaji. Matofali yake niliyachoma mwenyewe, kwa udongo wa kichuguu kilichokuwa nyuma ya choo.

Ndipo akaja Glodie, msanii, na karatasi na rangi. Alitaka kujua watu wanavyoona mahali wanapoishi. Michoro ingetundikwa mjini na wakubwa wangealikwa.

"Papa Stani, chora vile unaonaka fasi yenu."

"Na bakubwa batakuya?"

"Batakuya. Bataona kama pale kuko bantu."

Basi nikajitahidi. Kila sebule ya Lubumbashi ina picha ukutani, na sote tunajua inavyotakiwa kuwa: mto, mchikichi, swala anakunywa maji. Nani atatundika choo juu ya kochi lake? Nikachora hivyo. Mke wangu Perpétue naye akachora hivyo, akaongeza mtumbwi, ingawa katika mto wetu bata anavuka kwa miguu.

"Mutumbwi ile itapita wapi, mama?"

"Nyamaza. Swala yako iko sawa na mbuzi ya jirani Désiré."

Mtaa mzima ulichora hivyo.

Siku ya maonyesho tulivaa nguo za misa. Michoro ilijaa ukuta mmoja, mizuri kweli. Afisa aliyetia misalaba alipita polepole, mikono mgongoni, kisha akatugeukia akicheka.

"Muko bantu ba kusema kweli. Hakuna nyumba hata moja! Benyewe munajua pale hapana fasi ya kuikala."

"Chef, ile ni picha tu," nikasema. "Picha ya salon, ya juu ya kochi."

"Si mulichora vile munaonaka?"

Glodie akaeleza kwa Kifaransa mambo ya macho na kumbukumbu. Afisa akatikisa kichwa kukubali, akaupiga picha mchoro wangu kwa simu yake.

Katapila lilikuja Jumatatu. Jioni Glodie alinirudishia mchoro, ameutia fremu na kioo. Alilia. Nilimwambia aende nyumbani, maana yeye alikuwa nayo.

Perpétue alitazama mchoro, akatazama mto.

"Sasa inakosa swala tu," akasema.

Nilikuwa natafuta matofali mazima. Hayakujaza toroli.