Delmar Haongozi Ukumbi Mtupu

Mume wangu Delmar alianguka kutoka paa la ghala, akajigonga kichwa, na maneno yote yakampotea. Daktari aliniambia bila kupepesa: "Bi Verlene, wewe mchana uko kazini. Kama hadi Ijumaa hawezi kuita msaada, harudi nyumbani. Itabidi aende makao ya wagonjwa."

Nilikasirika? We! Nusura nimrushie kiti.

Kila asubuhi Kirsten, binti wa tiba ya muziki, alimshika Delmar mkono wa kushoto, akaugongesha mezani taratibu huku akiimba, "Ni-sai-di-e-ni." Alisema aliyeshindwa kusema huweza kuimba. Delmar alimkodolea macho tu.

Alhamisi Kirsten akakata tamaa. "Hataki, mama."

"Hataki nini! Huyu ameongoza dansi, akiwaimbia wachezaji hatua, kwenye milima hii ya West Virginia miaka thelathini. Nenda kushoto, mzungushe mwenzio, usiku kucha, mpaka nachoka mimi..." Hapo nikajipiga paji la uso. "Jamani, mjinga mimi! Kwetu mwongoza dansi hafungui kinywa mpaka jozi nne zisimame. Wewe unamtaka aiimbie meza?"

Nikatoka mbio. Nikawaburuta wauguzi wawili, mpishi, mfagiaji na wagonjwa wawili wa viti vya magurudumu. Na mimi na Kirsten, wanane.

"Delmar, watu wamesimama. Unatuaibisha."

Akatuhesabu kwa macho. Kirsten akaanza kuimba, sisi tukapiga makofi. Mkono wa kushoto wa Delmar ukaanza kupiga paja. Halafu ikatoka sauti, ya kukwaruza, lakini yake: "Zungusha... mwenzio!"

Nilizunguka huku nalia kama mtoto. Sikuona mbele, nikajikwaa kwenye gurudumu, nikaanguka pu!

Delmar akajaribu kuinuka, miguu ikakataa. Akalipiga paja lake kwa nguvu, akaimba: "Ni-sai-di-e-ni! Ver-lene! Ni-sai-di-e-ni!"

Daktari akachungulia mlangoni. "Nani anaita?"

"Delmar," Kirsten akajibu.

Wauguzi wakaniinamia. "Mama, umeumia wapi?"

Sikuwa nimeumia popote. "Shhh," nikawanong'oneza, nikajilaza vizuri sakafuni. "Mwacheni aniite tena."