Mnyororo wa Braise

Vumbi lilipanda kutoka kwenye mchanga wa uwanja, likafika kwenye mwanga ulioshuka kutoka madirisha ya juu, likaning'inia pale, jeupe, halitui wala haliondoki. Chini yake alisimama Onésime, mikono mfukoni, akisubiri jina la binti yake liitwe.

Ilikuwa Mei, mwaka elfu mbili na kumi na tatu, Jumapili ya mashindano. Zizi lilikuwa ukingoni mwa msitu, kusini mwa Brussels, mbele kidogo ya uwanja wa zamani wa mbio pale Boitsfort, ambako siku hizi watu hucheza gofu. Miaka kumi na mmoja Onésime alikuwa akitoka mtaa wa Schaerbeek alfajiri, tramu kisha basi, kuja kulisha, kuosha, kupiga brashi. Kazi hiyohiyo aliifanya Lubumbashi, kwenye klabu ya farasi. Mgongo wa farasi aliujua kwa brashi na kitambaa. Kwa kuukalia, hakuwahi.

Aliyeukalia ni Berthe, binti yake wa miaka kumi na tisa. Na Berthe hakumtaka farasi mwingine ila Braise.

Braise, kaa la moto. Jike jekundu la miaka mitano. Baba yake farasi wa Kimarekani wa kuchungia ng'ombe, mfupi, mtulivu, mwenye mapaja mazito. Mama yake pur-sang, farasi wa damu ya mbio, aliyekimbia mpaka mshipa wa mguu ukamkatikia uwanjani.

Damu ya mama ilitoka mbali. Miaka mia tatu iliyopita Waingereza walileta madume kutoka nchi za Waarabu na Waturuki, wakawapandisha kwa majike yao, wakachagua mwenye mbio, na katika wenye mbio wakachagua mwenye mbio zaidi, mpaka akazaliwa mnyama asiyejua polepole ni nini. Meli zikamvusha Atlantiki. Huko Amerika wachunga ng'ombe wakamchanganya na farasi wao, ili mtoto apate miguu mirefu na kifua kipana. Mara nyingi walipata walichotaka. Mara nyingine walipata hofu yenye miguu minne.

Mtoto wa mchanganyiko huo huandikwa kwanza kwenye kitabu cha pembeni cha nasaba za farasi. Akipata alama za kutosha mashindanoni, huhamishiwa kitabu kikubwa, pamoja na baba yake. Myriam, mwenye zizi, alikuwa amesema wazi: Braise asipopata alama msimu huu, atauzwa.

Alama hizo hutolewa kwa utulivu. Mpandaji hushika hatamu kwa mkono mmoja, zimelegea. Farasi azunguke, aharakishe, apunguze, asimame ghafla bila kuvutwa. Utulivu! Kwa damu ile!

Mwezi Machi mlango ulibamizwa na upepo, Braise akaruka, Berthe akaanguka. Mfupa wa bega ulivunjika kwa sauti ndogo, kavu. Tangu siku hiyo Onésime aliisikia sauti ile kila mahali: kikombe kikiwekwa mezani, mlango wa tramu ukifungwa, jirani akivunja kijiti. Mfupa ukapona. Sauti haikupona.

Ndiyo maana asubuhi ile, Berthe alipokwenda kuvaa kofia yake, Onésime aliingiza vidole chini ya kidevu cha Braise, kwenye kimnyororo kinachoshikana na lijamu, chuma cha mdomoni, akakikaza pete mbili. Hakumwambia mtu. Pete mbili tu. Farasi akikabwa kidogo, alijisemea, hatakimbia.

Jina likaitwa. Berthe akaingia.

Duara la kwanza, Braise alitikisa kichwa. Duara la pili, alifungua mdomo. Berthe alilegeza hatamu zaidi, akainamisha bega, akamsemesha. Lakini alichokuwa akilegeza hakikuwa ndicho kilichokazwa. Povu likadondoka lina uzi mwekundu. Kisha Braise akakumbuka mama yake. Akatandaza shingo, akakimbia, kwato zikachapa mchanga, vumbi likameza ukuta, na ndani ya vumbi Onésime hakuona kofia ya mtoto wake.

Kuingia uwanjani ni kumfukuzisha mpandaji. Alilijua hilo. Aliruka kizuizi akiwa bado analijua.

Alisimama katikati, mikono chini. Hakupiga kelele. Alipiga mluzi ule wa kila alfajiri, wa ndoo ya shayiri, mdogo, wenye mikunjo miwili. Braise akazunguka mara moja, akazunguka tena karibu zaidi, akamjia, akasimama akitetemeka mwili mzima. Berthe alikuwa juu yake, midomo imempauka, lakini mzima.

Kengele ikalia. Ametolewa.

Onésime alifungua kimnyororo. Chini yake ngozi ilikuwa imechubuka.

"Papa," Berthe akasema polepole, "ni nani alikaza hii?"

Angeweza kusema hajui. Watu walikuwa wengi zizini asubuhi ile.

"Ni miye. Deux maillons, pete mbili. Niliogopa utaanguka tena."

"Donc ulimuumiza farasi sababu yangu?"

"Ndiyo, mama."

Berthe alishika hatamu. Aligeuza farasi, na mbele ya majaji waliokwisha kuweka kalamu chini, akaanza upya. Duara kubwa, duara dogo. Mbio, kisha pumzi moja, na mbio zikapungua zenyewe. Akasimama ghafla, hatamu zikining'inia. Hakuna aliyeandika kitu. Kwenye viti vya watazamaji mtu mmoja alipiga makofi, akaacha.

Onésime alikwenda kumwambia Myriam kabla hajaulizwa. Myriam alimsikiliza hadi mwisho, uso umefungwa. "Ungekuwa mwingine ningekufukuza leo," alisema kwa Kifaransa. "Msimu una mashindano mawili zaidi. Kimnyororo hicho usikiguse tena."

Ndani ya tramu baba na binti walikaa safu mbili tofauti. Siku nne nyumbani Berthe alisema "bonjour" na "chumvi" tu. Onésime alikuwa akimpaka Braise dawa asubuhi na jioni, na farasi alikuwa akirudisha kichwa nyuma kila alipouona mkono wake.

Jumapili iliyofuata Berthe alipanda tena, mazoezi tu. Onésime alisimama kando ya kizuizi, vidole vimeshikana vyenyewe. Msituni upepo ulikuwa umeanza.

Berthe alimsogeza farasi mpaka karibu naye.

"Papa. Siku ingine ukiogopa, uniambie miye. Usiambie kimnyororo."

Onésime akaachanisha vidole vyake.

"Bon. Naogopa, mama. Hata sasa naogopa."

"Na miye pia," Berthe akasema, akalegeza hatamu, akaingia.