Mbegu ya Shangazi

Mimi ni daktari wa mihogo. Chekeni tu, nimezoea. Tangu niajiriwe kwenye maabara ya magonjwa ya mimea, shangazi yangu hakosi neno: "Haya, daktari wa majani, mgonjwa wako kaamkaje?"

Mwaka huo mgonjwa alikuwa hoi. Michirizi kahawia ni ugonjwa wenye hila: mti umenawiri juu, chini mizizi inaoza. Kijiji kizima kilichimba kikakuta uozo ambao hata mbuzi hawakuugusa. Shamba la shangazi peke yake lilitoa mihogo myeupe. Nilichuma majani yake nikakimbia nayo maabara, maana kama mbegu ile ilikuwa na kinga kweli, njaa imekwisha.

"Subiri majibu, Shangazi," nilimwambia. "Usimpe mtu hata kipande."

"Sawa, mwanangu."

Subira yavuta heri, ati! Aliyesema hivyo hakuwahi kufanya kazi kwetu. Dawa ya kupimia iliisha, nyingine ikakwama bandarini, na ilipofika mashine ikagoma. Mvua haikutungoja, ikanyesha.

Majibu yalipotoka miezi kadhaa baadaye, fundi wa mashine aligeuza kompyuta nisome mwenyewe. Kirusi kilikuwemo kwenye kila jani. Ugonjwa ulikuwa umechelewa tu kufika mizizini. Nilikwenda kijijini nikiwa na hasira, wala sijui nilimkasirikia nani.

Shangazi alinisikiliza, akachukua panga, akachimba shina moja na kulipasua. Kahawia tupu.

"Labda lile la ukingoni," akasema. Nalo kahawia. Akakaa kwenye tuta.

"Shangazi, hukumpa mtu mbegu, sivyo?"

Alikwangua udongo kwenye panga kwa kidole.

"Mbegu huwekwa kwa watu, mwanangu. Ukiificha kwako, shamba lako likifa, imekufa na wewe. Ndivyo mama alivyonifundisha. Mvua imeanza, wamekuja na watoto mgongoni, na wewe kimya. Ningewafukuza?"

"Uliwapa kina nani?"

"Wote." Akafuta uso kwa upindo wa kanga. "Wengine walikuwa na mahindi ya kupanda. Niliwaambia waachane nayo, muhogo huu hauugui."

Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nililia mbele yake kama mtoto, na yeye ndiye aliyeninyanyua.

"Twende tukaing'oe mihogo yao kabla ugonjwa haujasambaa zaidi," akasema.

Tulianza kwa jirani tunayemwita Bi Harusi mpaka leo, ingawa ana wajukuu. Alitoka mbio, mikono imejaa udongo, akamkumbatia shangazi hadi kanga ikamdondoka begani.

"Njoo uone mbegu yako, dada! Majani yamefunika shamba lote! Mwaka jana tulilala njaa, lakini mwaka huu tunakula, wallahi tunakula!"

Ilikuwa imependeza kweli. Wajukuu walikuwa wakipalilia wakiimba.

Shangazi alilificha panga nyuma ya mgongo. "Naona," alisema. "Hongera." Akanigeukia.

"Daktari," akaniita, mara hii bila utani, "mwambie wewe."