Nguvu Iliyobaki kwenye Springi

Springi ilikatika Jumanne asubuhi, mwezi wa Januari, Marlys Haugen akiwa jikoni anamimina kahawa. Mlio wake ulikuwa kama wa bunduki. Alidhani tangi la maji ya moto limepasuka. Alipofungua mlango mdogo wa kuingilia gereji alikuta kila kitu kiko mahali pake, gari halijaguswa, madirisha mazima. Akabonyeza kitufe cha ukutani. Mota ikaguna, mlango mkubwa ukanyanyuka kiasi cha kupitisha paka, ukagoma hapo.

Mumewe, Orrin, alikuwa amefariki mwezi wa Aprili. Alifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye kiwanda cha karatasi hapo mjini Cloquet, na kila saa kumi na moja na robo jioni mlango ule ulipanda ukilia, mlio mrefu wa chuma kikavu, na Marlys akajua ni wakati wa kuwasha moto chini ya supu. Hakuwahi kumjua kwa hatua zake wala kwa sauti ya gari lake. Alimjua kwa mlango. Tangu Aprili alikuwa akiufungua mwenyewe, akienda dukani au kanisani, na kila ulipolia, kwa nukta mbili tatu mwili wake ulisahau kilichotokea. Siku nyingine aliushusha, akasubiri kidogo, akaupandisha tena, na hakwenda popote.

Hilo hakumwambia mtu, hata binti yake.

Siku hiyo baridi ilikuwa nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri. Wendell Opsahl, jirani wa ng'ambo ya barabara, aliona mlango umeachwa wazi, akavuka polepole na mkongojo wake. Alikuwa mgane wa miaka sabini na sita. Kazi yake ya maisha ilikuwa kufunga na kurekebisha milango ya gereji, kuanzia Cloquet mpaka Duluth, hadi mikono ilipoanza kutetemeka. Daktari aliutaja ugonjwa kwa jina lake. Wendell aliuita "mpangaji wangu".

"Jirani, unaupasha joto mtaa mzima?" aliuliza.

"Umekwama, Wendell. Kulikuwa na mshindo."

Akaingia, akainua uso. Juu ya mlango, kwenye fimbo ndefu ya chuma, springi mbili nene zilikaa, moja kulia na moja kushoto. Ya kushoto ilikuwa imeachana katikati, mwanya wa vidole vitatu.

"Huyo hapo. Amejiendea."

"Kakitu hako ndiko kamenifungia ndani? Si nina mota?"

"Mota kazi yake ni kusindikiza tu. Anayebeba ni springi. Huu mlango ni kilo themanini. Springi zikiwa zimekazwa vizuri, unaunyanyua kwa mkono mmoja huku unakunywa kahawa. Springi ikifa, kilo zote zinarudi kwako. Usibonyeze tena hicho kitufe, utaiunguza hiyo mota bure." Akaendelea kuangalia juu. "Hizi aliziweka Orrin."

"Miaka kumi na tano sasa. Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo namzomea. Alikuwa mbishi yule." Akashusha uso. "Nitampigia simu kijana mmoja niliyemfundisha. Ijumaa atakuwa hapa, nusu saa kamaliza."

Marlys aliwaza mtu asiyemjua akipanda ngazi, akizitupa zile springi nyuma ya gari lake, akiondoka nazo.

"Nataka nifanye mwenyewe," alisema. "Wewe si upo?"

Wendell akanyoosha mikono yote miwili mbele yake. Ilikuwa ikicheza kama majani. "Mimi nipo. Hii ndiyo haipo."

"Mikono ninayo mimi. Wewe lete mdomo."

Wendell akaishusha. "Marlys, sikutishi. Hiki kitu kimevunja watu taya. Nimeona kwa macho yangu mtu akiacha vidole viwili sakafuni. Utafanya nikisema fanya, utaacha nikisema acha. Ukibisha kama mumeo, naenda zangu nyumbani."

"Kwenye barafu hiyo? Utafika Pasaka."

Akacheka, na kwa kucheka huko akawa amekubali.

Walianza kwa vipimo. Wendell alitaka unene wa waya, na unene haukupimwa kwa macho: Marlys alihesabu mizunguko ishirini ya springi iliyoshikana, akapima urefu wake kwa futi, kisha upana wa ndani, kisha urefu wa springi nzima. Wendell alipiga simu kwenye duka la springi Duluth. Kwa kuwa gari la Marlys lilikuwa limefungiwa ndani, walikwenda kuzichukua springi mpya na lile la Wendell ambalo halikuwa limetoka tangu Oktoba, Marlys kwenye usukani. Njiani mzee alikuwa akitazama nyumba za watu.

"Mlango ule mweupe ni kazi yangu," alisema. "Na ule wa kahawia. Yule bwana alikuwa na mbwa mmoja mbaya sana."

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, wakaingia kazini. Wendell alikaa kwenye kiti cha kukunja, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Marlys akachomoa waya wa mota ukutani. Akabana reli kwa koleo ili mlango usiruke. Wendell akamkabidhi nondo mbili fupi zilizochongwa kutoshea kwenye matundu ya kichwa cha springi, akamwagiza aweke ngazi kando, asiweke uso wake mbele ya nondo hata mara moja.

Akiwa juu ya ngazi, kando ya springi ya kulia iliyobaki nzima, Marlys akauliza, "Hizi mpya zitalia?"

"Zikilia nidai mimi. Tukizipaka mafuta hutasikia kitu."

"Basi tusizipake mafuta."

Wendell akamtazama. Marlys hakugeuka. Akiwa ameikabili springi, akamwambia yote: saa kumi na moja na robo, supu, kupandisha na kushusha bila safari. Aliyasema kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma orodha ya vitu vya dukani.

"Nilikuwa nawaza," alimaliza, "kabla hatujailegeza hii ambayo bado ni nzima. Mlango hauwezi kupanda mara moja tu?"

"Haupandi, Marlys. Ule mlio uliisha Jumanne."

Upepo ulikuwa ukipita kwenye mwanya chini ya mlango.

"Mke wangu Solveig alikuwa ananijua kwa mafuta ya springi," Wendell alisema. "Yananukia, hayatoki kwenye koti. Alilalamika miaka arobaini. Siku za mwisho kule hospitali nilikuwa najipaka kidogo kwenye mkono wa shati kabla ya kwenda. Nesi mmoja aliniambia nifue nguo zangu." Akakohoa. "Haya. Ingiza nondo ya kwanza kwenye tundu la chini. Imeingia mpaka mwisho? Shika kwa nguvu. Sasa legeza skrubu, na ujue itakuja."

Ilikuja. Skrubu ya pili ilipoachia, nondo ikasukuma viganja vyake kama mnyama anayetaka kutoka. Akaishikilia, mabega yakimtetemeka.

"Ndiyo hivyo. Iache izunguke robo duara. Ingiza ya pili. Toa ya kwanza. Usiwe na haraka."

"Ina nguvu namna hii? Si ni nzee?"

"Ni nzee, lakini nguvu aliyoitia Orrin bado imo. Alisimama hapo hapo ulipo, akaikaza robo kwa robo, mara thelathini. Imekaa humo muda wote. Hiyo unayoishika ni yake."

Marlys akaganda. Nondo ilikuwa ikisukuma viganja, sawasawa, bila kupumzika. Akapata hamu ya kubaki hivyo.

Wendell hakumharakisha. Kisha akasema taratibu, "Mikono itachoka, mama. Iteremshe."

Akaiteremsha, robo baada ya robo, akihesabu kimoyomoyo. Kufikia kumi nguvu ilikuwa imepungua, kufikia ishirini ilikuwa kama mtu anayemshika mkono tu. Kwenye thelathini nondo ililegea ikawa chuma kitupu. Akaegemeza paji la uso kwenye ngazi, akalia kidogo, na Wendell akajishughulisha kutafuta kitambaa mfukoni ambacho hakukihitaji.

Sehemu iliyobaki ilikuwa kazi tu. Walitoa springi zote mbili, kwa sababu moja ikichoka na mwenzake hana siku nyingi. Wakavisha mpya, ya kushoto kushoto na ya kulia kulia, Marlys akachora mstari wa chaki juu yake ili mizunguko ionekane, akaanza kukaza. Wendell alihesabu kwa sauti. Kwenye ishirini na sita mkono ulimteleza Marlys, nondo ikagonga ngazi, akaikamata upya. Akamaliza. Akakaza skrubu, akapaka mafuta, akaondoa koleo, akaunyanyua mlango kwa mkono mmoja mpaka kiunoni, akauacha. Ukabaki hapo hapo hewani, hausogei juu wala chini.

"Wa Orrin ulikuwa unashuka kidogo," Wendell alisema. "Ila usimwambie nimesema."

Mlango ulikuwa kimya kabisa. Marlys aliendelea kuishi nao hivyo. Wiki za kwanza alikuwa akisimama jikoni saa kumi na moja na robo bila kujua anasubiri nini.

Februari bintiye Wendell alikuja kumchukua, akampeleka Tucson, jangwani, kwenye nyumba isiyo na ngazi. Wendell alipiga simu Jumapili ya pili, baada ya ibada.

"Huko nyuzi ngapi?"

"Ishirini chini."

"Hapa watu wanaogelea. Machungwa yapo mpaka nje ya dirisha." Akavuta pumzi. "Theluji bado inalia ukiikanyaga?"

"Inalia."

Marlys akavaa buti na koti, simu ikiwa sikioni, akatoka nje kwenye mwanga mkali wa mchana. Akaishusha simu karibu na ardhi na kutembea polepole, theluji ikilia chini ya buti, mpaka kwenye sanduku la barua, akageuka, akarudi, akageuka tena.

"Bado upo?" aliuliza.

"Nipo," alisema Wendell. "Endelea kidogo."